Mtoto Anayeamka Kabla ya Jua



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ya kazi, viatu vya chuma, miwani na mshipi wa kupandia juu. Vyote hivyo munavipata katika magazini, munatia sahihi, munavaa. Leo nataka kusema juu ya kitu kimoja cha usalama ambacho magazini haikigawi, tena hakuna kapita anayekitazama pale mlangoni: ni usingizi. Na katika usingizi nitasema juu ya yule anayeukata mara nyingi kuliko wengine wote katika nyumba zetu, mtoto mdogo anayeamka saa 10 ya usiku na kutaka dunia nzima iamke pamoja naye.

Wengine watacheka. Watasema: munganga ameishiwa na maneno, sasa anaandika juu ya kilio cha watoto. Basi musome kwanza.

Kila juma ninapokea katika dispanseri wanaume wanaotaka vidonge vya kichwa. Si homa, si malaria, damu tunaipima na hatuoni kitu. Shofere mmoja wa kamyo kubwa za shimoni alikuja mara tatu katika mwezi mmoja. Mara ya tatu nilimwuliza:

– Baba, jana ulilala saa ngapi?

– Saa 5 ya usiku, munganga.

– Na uliamka?

– Saa 10 na nusu. Si mimi niliyetaka. Ni huyu mdogo wetu, ana mwaka mmoja na nusu. Akiamka hakuna mtu anayelala tena.

– Tangu lini?

– Tangu mwezi wa kumi.

Hiyo ilikuwa miezi minne. Masaa matano na nusu kila usiku kwa miezi minne, na mchana anaongoza kamyo inayobeba tani nyingi, njiani wanapopita wenzake. Nilimpa vidonge viwili, lakini nilijua ya kuwa dawa yake haimo katika kabati yangu.

Mtu mzima anahitaji masaa 7 ya usingizi au zaidi kwa siku. Aliyekosa usiku mmoja atajikaza. Aliyekosa kila siku, kichwa chake kinaanza kulala kwa vipande vidogo vidogo, sekunde mbili, sekunde tatu, macho wazi na mikono kwenye sukani. Yeye mwenyewe hajui. Mwaka 1997 wataalamu wa Australia walipima watu waliokaa macho masaa 17 mfululizo. Waliwaona wanafanya kazi ya mikono na macho kama watu wenye nusu gramu ya pombe katika lita moja ya damu. Sasa tufanye hesabu ya kwetu. Mtoto amekuamsha saa 10 na nusu ya alfajiri. Wewe uko katika posti ya mchana, unatoka saa 4 ya usiku. Toka saa 10 na nusu mpaka saa 4 ya usiku ni masaa 17 na nusu. Hukunywa hata chupa moja, lakini masaa ya mwisho ya posti unafanya kazi kama mtu aliyekunywa. Mashine ya kupulizia pale mlangoni itaonyesha sifuri, na mlinzi atakuambia upite.

Ndiyo maana ninashika wazo hili, hata kama wengi hawalipendi: mtoto anayeamka mapema mno si neno la mama peke yake. Ni neno la usalama wa kazi, kama breki za kamyo.

Lakini tusimseme mtoto vibaya bure. Kwanza tujue mapema mno ni nini. Mtoto mchanga wa chini ya miezi sita anaamka usiku kunyonya. Hiyo ni haki yake, na mama asijaribu kuiondoa. Kwa wengine, Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilitoa hesabu mwaka 2019: mtoto wa miezi 4 mpaka 11 anahitaji masaa 12 mpaka 16 kwa siku, wa mwaka 1 mpaka 2 masaa 11 mpaka 14, wa miaka 3 na 4 masaa 10 mpaka 13. Usingizi wa mchana umo ndani ya hesabu hiyo. Basi kama mdogo wako wa miaka miwili analala saa 1 ya magaribi, anaamka saa 11 ya alfajiri, na mchana analala masaa mawili, amekwisha kupata masaa 12. Hana ugonjwa, ameshiba usingizi. Ni ninyi mumemlaza wakati mmoja na kuku. Lakini kama analala saa 4 ya usiku kwa sababu nyumba nzima inatazama televizyo, na saa 10 na nusu yuko wima anatafuta kikombe, huyo ana deni. Mutamwona mchana analia bila sababu, anaanguka anguka, anakataa bukari.

Hapa kuna kosa ambalo nalisikia kila mahali: «Tumchelewesha kulala, ndipo atachelewa kuamka.» Hapana. Mtu mzima anaweza kufidia asubuhi, mtoto mdogo mara nyingi hawezi. Mwili wake una saa ya ndani, na saa hiyo inamwamsha kwa wakati uliozoea, awe amelala mapema au amechelewa. Tena mtoto aliyechoka kupita kiasi analala usingizi mbaya, wa kushtukashtuka, na mara nyingi anaamka mapema zaidi.

Nani aliyeifunga saa hiyo kwa saa 10 na nusu? Niliuliza katika nyumba nyingi, na mara nyingi jibu lilikuwa linakaa palepale kwenye kiti: ni baba.

Mutazame wenyewe. Juma la posti ya asubuhi, baba anaamka saa 10 ili apate bisi. Anawasha taa. Nyumba ni ya chumba kimoja au viwili, na mlango wa katikati ni kitambaa tu. Anatafuta viatu chini ya kitanda. Anafungua redio apate habari. Sufuria inaanguka, anamwita bibi amtafutie soksi. Mtoto amefungua macho, ameona mwanga, amesikia sauti ya baba anayempenda, amepata na kipande cha mkate kutoka mkono wake. Siku sita namna hiyo, na saa yake imekwisha kufungwa. Juma linalofuata baba anaingia posti ya mchana, analala mpaka jua likipanda. Lakini mtoto hajabadilisha posti. Yeye amebaki katika posti ya asubuhi, na hana kapita wa kumwambia ya kuwa zamu imegeuka. Anakuja saa 10 na nusu kumvuta baba sikio, na baba anakasirika na kuuliza nani amemharibu mtoto huyu!

Kuna mengine pia. Umeme unakatika magaribi, watu wanalala, na hakuna aliyekumbuka kuzima taa na televizyo. Saa 9 au saa 10 ya usiku umeme unarudi, taa inawaka, muziki unalia nyumba nzima. Ni jambo dogo sana kugeuza kifungo mbele ya kulala, lakini naweza kuhesabu kwa vidole nyumba zinazokumbuka. Kuna jua lenyewe: hapa kwetu Lubumbashi mwezi wa saba linachomoza karibu na saa 12 na nusu, lakini mwezi wa kumi na moja linachomoza karibu na saa 11 na nusu. Ni tofauti ya saa moja hivi. Shofere wangu alisema «tangu mwezi wa kumi», na mimi nikaenda kutazama dirisha lake: upande wa mashariki, bila pazia. Na katika wakati wa kipwa, mwezi wa sita na wa saba, ni baridi inayowaamsha watoto alfajiri, maana ndiyo saa ya baridi kuliko zote, na blanketi limekwisha kuvutwa na kaka mkubwa.

Basi tufanye nini? Baba wa posti ya asubuhi atayarishe vitu vyake vyote usiku, nguo, viatu, karatasi ya kazi, maji ya kunawa, aviweke nje ya chumba cha kulala. Asiwashe taa kubwa. Redio ataisikia katika bisi, na mtoto asipewe mkate saa 10. Dirisha la mtoto lifungwe na kitambaa kizito cheusi, hata blanketi la zamani, lakini hewa ipite. Mtoto akiamka kabla ya wakati, mmoja wenu aende kwake gizani, amguse, aseme neno moja kwa sauti ndogo, amrudishe chini ya chandarua. Asimpeleke jikoni, asicheze naye. Chakula kije saa ileile kila siku, kwa mfano saa 12, maana tumbo nalo lina saa yake. Usingizi wa mchana uishe mbele ya saa 9. Na kama mnataka kusogeza saa yake, muisogeze dakika 15 tu, mungoje siku tatu au nne, kisha dakika 15 nyingine. Ni kama kuingiza mtu mgeni katika kazi, hatumpi mashine kubwa siku ya kwanza. Majuma mawili au matatu yatapita kabla ya kuona matunda. Wengi wanajaribu usiku mbili, wanaacha, wanasema haifai.

Sasa nifike kwa mambo yanayonitia hofu, maana nimeyaona.

La kwanza ni mbabula. Mtoto ameamka, kuna baridi, mama anawasha makala nje, moto ukishika anaingiza mbabula ndani na kufunga mlango ili mtoto apate joto. Ninyi munaofanya kazi chini ya udongo, munajua ya kuwa hewa inapimwa kabla watu hawajaingia. Kwa nini? Kwa sababu kuna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya namna hiyo, hata kama hakuna moshi, hata kama yamekuwa mekundu mazuri. Kichwa kinauma, miguu inalegea, usingizi unakuja, na mtu anafikiri ni usingizi wa kweli. Mtoto anakufa, na mara nyingine mama na baba pamoja naye. Mbabula ikae nje. Joto la mtoto ni soksi, kofia ya sufu, na kifua cha mzazi. Mukiona watu wote wa nyumba wanaumwa kichwa na kutapika asubuhi moja, mufungue milango, mutoke wote nje, mutume mtu atuite.

La pili ni sirô ya kulaza. Majirani wanapashana siri: kijiko kimoja cha Phénergan, mtoto atalala mpaka saa 2. Inauzwa kila mahali, hakuna anayeuliza. Dawa hiyo haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili, maana inaweza kusimamisha pumzi yake katika usingizi. Hata yule wa miaka mitatu asipewe kwa sababu wazazi wanataka kulala; dawa inatoka kwa munganga, kwa ugonjwa unaojulikana. Valium ya babu nayo hapana, hata robo ya kidonge. Na pombe hapana kabisa. Nimesikia kwa masikio yangu bibi mmoja mzee akisema kidole kimoja cha lutuku katika midomo hakijaua mtu. Pombe inashusha sukari katika damu ya mtoto mdogo mpaka anaweza kuzimia. Mzee namheshimu, lakini katika neno hili simfuati.

La tatu ni telefoni. Si sumu, lakini ni mtego. Baba amechoka, anampa mtoto telefoni kitandani saa 10 na nusu ili atazame picha na kunyamaza. Mwanga unamwambia kichwa chake kumekucha, na furaha inamwambia kesho arudi saa hiyohiyo.

Kuhusu fimbo nitasema kidogo. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajui saa. Ukimpiga saa 10 ya usiku amejifunza kitu kimoja tu, kuogopa kitanda.

Na la mwisho ndilo baya kuliko yote. Mtoto anatembea usiku katika nyumba, anasema peke yake, anacheka gizani. Shangazi mmoja anakuja na kunong’ona neno ndoki. Nimeona nyumba iliyogawanyika juu ya neno hilo, na mtoto wa miaka minne aliyepelekwa kulala jikoni peke yake. Ndugu zangu, mtoto anayeamka usiku ni mtoto aliyeamka usiku, basi. Wengi wanasema na kutembea katika usingizi, na wakikua inaisha. Tena sheria ya inchi yetu ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto ulozi, na anayefanya hivyo anaweza kufungwa. Mzazi ajue hata akishauriwa na mtu wa maombi.

Labda mtoto anaumwa kweli. Anayejikuna sana nyuma usiku ana vidudu vidogo vyeupe, tuna dawa, na nyumba nzima itakunywa pamoja naye. Anayeshika sikio na kulia zaidi akilazwa, aletwe asubuhi ileile. Anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi, aletwe. Mwenye mwili moto asingoje hata asubuhi. Na yule aliyekuwa analala vizuri, akabadilika ghafula juma moja, tumtazame kabla ya kusema ni desturi mbaya.

Sasa nirudi kwa wakubwa wawili wa nyumba, maana hapo ndipo ninapopata maneno mengi. Kuna baba wanaosema: «Mimi ninaleta mushahara, usiku ni kazi ya mama.» Mushahara ni neno zito, sikatai. Lakini mama aliyeamka saa 10 kila siku kwa mwaka mzima, anabeba maji, anauza sokoni, anashika mafuta ya moto, yeye pia ana ajali zake, ijapokuwa haziandikwi katika kitabu cha usalama. Siku hizi tunao tena wamama wanaoongoza kamyo na krini sawa na wanaume. Nyumbani kwao nani atakayeamka?

Ninawashauri hivi: mgawanye kwa juma, kufuata posti. Juma la posti ya asubuhi baba ataondoka saa 10, basi mtoto ni wa mama. Juma la posti ya mchana, alfajiri ni ya baba, kwa sharti moja: akimaliza kumhudumia, arudi kulala tena saa 2 mpaka saa 4, au alale kidogo saa 6 kabla ya kwenda kazini, ili ile hesabu ya masaa 17 ivunjike. Juma la posti ya usiku baba anarudi saa 1 ya asubuhi, anakula kidogo, anaingia kitandani saa 2. Mtoto aliyeamka saa 10 na nusu atakuwa anasinzia karibu na saa 4. Mpaka hapo akae nje kwa nyanya, au kwa jirani ambaye kesho ninyi mutamshikia wake. Najua nyumba nyingi hazina nyanya. Wanaopanga katika kartie mbali na ndugu zao wana taabu kuliko waliozaliwa hapa, na kwao jirani ndiye ndugu.

Na kwa makapita nina neno moja. Asubuhi mnafanya mazungumzo ya usalama ya dakika kumi. Munauliza: nani mgonjwa? Nani hana viatu? Muulize pia: nani hakulala? Na mtu akiinua mkono akasema mtoto alimkesha, wenzake wasimcheke, wala jina lake lisiandikwe kama la mvivu. Apewe siku hiyo kazi ya chini, mbali na sukani na mbali na chuma kinachozunguka. Mtu akichekwa mara moja, mara ya pili atanyamaza, atapanda kamyo, na hatutajua. Najua mutaniambia uzalishaji unangoja. Kamyo iliyoanguka shimoni nayo inakawisha uzalishaji, tena kwa siku nyingi.

Shofere niliyemtaja aliweka blanketi dirishani, akaanza kulala saa 3, na bibi yake akakubali kugawana majuma. Mdogo wao sasa anaamka saa 11 na dakika 20 hivi. Si saa 1 kama alivyotaka, lakini baba anapata masaa yake 7, na mimi sijamwona tena kwa vidonge.

Mwenye taabu hii aje dispanseri pamoja na bibi yake, siyo peke yake. Mbele ya kuja, muandike siku saba katika karatasi: saa mtoto aliyolala, saa aliyoamka, usingizi wa mchana, alichokula usiku, na posti ya baba siku ile. Asiyejua kuandika amwombe mtoto mkubwa wa shule. Karatasi hiyo inanifaa kuliko kipimo chochote cha damu.